Nyumba Waliyonijengea Nikiwa Hai

Nina nyumba ya mawe Migori. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma bure huko mbele. Vyumba sita, tangi la maji juu, na geti la chuma ambalo fundi alilipamba kwa tai wawili wanaofanana zaidi na kuku. Nyuma ya nyumba kuna mashine ya kusaga unga, na mbele kuna nyingine. Yote hayo niliyafanya na darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Mwalimu alinifukuza nikalete sare. Naendelea kuitafuta mpaka leo.

Nilianzia Macalder, ndani ya shimo, nikichimba dhahabu. Nilikuwa nateremshwa kwa kamba ambayo hata mbuzi angekataa kufungwa nayo, na dhahabu niliyopata isingejaza jino bovu. Nikaacha. Nikaenda soko la ng'ombe la Ogwedhi, nikajifunza kumfungua ng'ombe mdomo nihesabu meno, kumbonyeza ubavu, kubishana na Mmasai anayekutazama kama vile wewe ndiye unayeuzwa. Nikaswaga ng'ombe kwa miguu, mvua na jua, mpaka nikapata mashine ya kwanza. Hakuna mtu aliyenisaidia. Lakini ukienda kwetu leo, upande wa Kendu Bay, utapata kijiji kizima kilichonisaidia. Mmoja anasema alinipa viatu. Miguu yangu haikumbuki.

Basi mjini naitwa mzee. Polisi wa barabarani ananiita mzee, chifu ananiita mzee, hata mchungaji asiyenipenda ananiita mzee. Kwetu nilikuwa kijana. Kijana mwenye mvi, wajukuu wanne na goti bovu, lakini kijana.

Nieleze kwa nini, maana kuna watu wa mbali watasoma na kudhani nimechanganyikiwa. Kwetu Waluo, mtu hajulikani kwa nyumba, anajulikana kwa boma, ambalo sisi tunaliita dala. Nyumba unaweza kujenga popote, hata mwezini. Dala ni jambo lingine. Unatoka kwa boma la baba yako alfajiri, umeshika jogoo, mkeo nyuma yako, na mwanao wa kwanza wa kiume amebeba shoka. Mnakwenda mahali palipochaguliwa kwenye ardhi ya ukoo, mnajenga nyumba, na lazima isimame kabla jua halijatua, kwa sababu mtalala humo. Ukishalala humo, wewe ni mtu. Kama hujafanya hivyo, jenga ikulu ukitaka, bado unahesabiwa kuwa unalala kwa baba. Baba yangu alikufa zamani, na nyumba yake ilianguka. Mimi nilikuwa bado nalala ndani yake. Wataalamu wa mjini hawawezi jambo hilo, kumlaza mtu kwenye nyumba isiyokuwepo, lakini wazee wetu wanaliweza bila hata kusimama kutoka kitini.

Na kuna foleni. Mkubwa hutoka kwanza, anayemfuata anafuata, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Ukimruka mkubwa wako umeita chira, yaani mkosi unaoingia nyumbani na kukondesha watoto mmoja mmoja. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na ndugu yangu mmoja tu, na alikuwa amesimama hapo miaka ishirini na nne.

Sasa ona vituko vya dunia. Huyo ndugu yangu ndiye aliyesoma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu, cheti chake amekitundika ukutani kwenye fremu. Mimi ambaye sikusoma ndiye niliyesema mambo ya dala ni ya kale, kila mtu ajiishie. Yeye aliyefundisha watoto kwamba mvua hutokana na mvuke, alikuwa anaogopa kuweka nguzo moja ardhini kabla yangu.

Alikuja Migori na mkewe, siku ya soko. Tukawapa chai. Alikunywa vikombe viwili kabla ya kusema neno, nikajua ni lile.

"Owadwa," akaniambia, yaani ndugu yangu, "nimekuja kwa lile jambo."

"Jambo lipi? Mambo yako ni mengi."

"Ni moja tu. Limezeeka, ndiyo maana unaliona mengi."

Kijana wake alikuwa amepata mchumba. Watu wa msichana walikuwa wamesema watakuja baada ya mavuno kuona boma ambalo binti yao anaingia. Wakiona hakuna boma, wanarudi na binti yao. Walikuwa wamelisema hilo kwa adabu sana, na adabu ya wakwe unaijua.

"Nitawaonyesha nini?" ndugu yangu akauliza. "Kaburi la baba?"

"Waonyeshe nyumba yako."

"Nyumba yangu ni simba."

Msomaji asitoroke, si mnyama. Simba kwetu ni kibanda cha kijana, kinachojengwa karibu na lango la baba ili aache kulala na watoto. Mimi niliwahi kuwa na changu pale, kikaanguka, mchwa wakakirithi. Ndugu yangu alikuwa bado kwenye chake, na miaka yake hamsini na tisa, miwani, televisheni na cheti. Na kwa kuwa mjukuu hajengi simba ndani ya boma la babu, kijana wake alikuwa amepanga chumba Kendu Bay kama mgeni aliyekuja kuuza mitumba. Kila mtu alikuwa anamngoja mtu, na mwisho wa msururu wote nilikuwa nimekaa mimi, nakunywa chai.

"Mbona unajitesa?" nikamwambia. "Jenga. Mimi mkubwa wako nakuruhusu."

"Ruhusa si yako."

"Ni ya nani? Si mimi ndiye mkubwa?"

"Wewe ni mkubwa, ndiyo maana umeziba njia. Mdogo angeziba njia gani?"

Mkewe alikuwa anachovya mkate muda wote huo. Akaweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "tunaona ulivyo huru. Tunaona sana. Huo uhuru wako umetukalia mgongoni miaka ishirini na nne, na wala haukondi."

Mke wangu akacheka. Nilimtazama, akaendelea kucheka.

Niliwaambia kwamba mimi sikubebwa na ukoo na sitabeba ukoo. Kwamba nilijijenga kwa mikono yangu, na mtu aliyejijenga hapangiwi mahali pa kuweka kitanda. Nilisema vizuri sana. Kama mngekuwepo mngepiga makofi. Ndugu yangu hakupiga. Alichukua kofia yake wakaondoka.

Kwa kuwa mimi si mtu mbaya, nilitafuta suluhisho la kisasa. Nilimwita karani mmoja hapo mjini, akaniandikia barua: mimi fulani, mwana wa marehemu fulani, bila kulazimishwa na mtu, namruhusu ndugu yangu kujenga dala kabla yangu, na chira yoyote isimfuate. Nikaipeleka kwa chifu, akaipiga muhuri. Chifu aliisoma mara mbili na kuniuliza kama sijambo. Nikampa dereva wa lori aipeleke kwetu.

Kwetu aliyebaki wa kizazi cha baba ni baba mdogo, mzee mfupi mwenye sauti ya kupasua kuni. Walimsomea barua. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba aishike, akaigeuza huku na huku, akagusa muhuri kwa kidole. Kisha akasema:

"Karatasi nzuri. Sasa nani ataisomea chira?"

Ndivyo nilivyosimuliwa. Nasikia walicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kitini. Mimi nilisema: wacheke. Nikarudi kusaga unga.

Mwezi mmoja haukuisha. Dada yetu aliyeolewa Homa Bay akanipigia simu, na alikuwa anapiga vigelegele kabla hata ya salamu.

"Hongera, kaka! Hatimaye! Nasikia umejenga!"

"Nimejenga wapi?"

"Nyumbani! Nimeambiwa nyumba yako imesimama tangu juzi!"

Nilikuwa nimesimama Migori, suruali imejaa unga, na nyumba yangu ilikuwa imesimama Kendu Bay bila mimi. Niliingia kwenye pikapu. Sikubadilisha hata shati.

Nilipofika nilimkuta baba mdogo na ndugu yangu kwenye ardhi ya ukoo, upande wa juu wa boma la baba. Mbele yao kulikuwa na kitu. Sitaki kukiita nyumba. Kilikuwa na nguzo sita, matope yaliyokuwa bado mabichi, na mabati manne yaliyotobolewa na misumari ya paa lililopita. Mlango ulikuwa umeegemezwa tu, haukuwa na bawaba. Ningenyoosha mikono ndani ningegusa kuta zote mbili.

"Karibu kwako," baba mdogo akaniambia.

"Hii nini?"

"Dala yako. Ndugu yako amechelewa sana, na wewe hutaki kutoka njiani. Kwa hiyo tumekutoa."

"Mtu anajengewaje dala na hayupo?"

"Mbona tunafanya siku zote? Aliyezama ziwani maiti isionekane, tunamjengea. Aliyeingia Tanzania asirudi, tunamjengea. Wadogo zake wapate kupita."

Nilichukua muda kuelewa. Kisha nikaelewa.

"Mmenijengea kama maiti!"

"Hapana," baba mdogo akasema kwa upole. "Maiti tungeichimbia na kaburi. Wewe tumekuhesabu kama aliyepotea. Ni nafuu kidogo."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angecheka, akashukuru, akarudi Migori. Si ndicho nilichokuwa nataka? Ndugu yangu apite, mimi nisisumbuliwe. Nilikuwa nimepewa uhuru wote mkononi, na mabati manne juu yake. Wakanifuta kwenye foleni nikiwa hai, na hawakunidai hata jogoo.

Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema:

"Na ndiyo hii mnanijengea mimi? Mtu wa hadhi yangu? Hata kuku wangu Migori wanalala kwenye saruji!"

Ndugu yangu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Unauliza ukubwa wa nini?" akasema. "Si ulisema si yako?"

"Watu watapita hapa waseme hii ni ya nani?"

"Watasema ni yako."

"Basi!"

"Basi nini?"

Nilizunguka lile banda mara mbili nikihesabu makosa ya ujenzi. Nguzo moja ilikuwa imepinda. Mlango ulitazama mahali pabaya. Watoto wa shule walikuwa wanapita, mmoja akauliza kwa sauti kama huyo ndiye yule mzee aliyepotea. Jirani mmoja, mama wa makamo ambaye nilimwona akizaliwa, alisimama na debe lake la maji kichwani, akaniamkia kwa heshima, akasema, "Pole, tulidhani umekufa huko, hatukujua u hai." Alisema kwa moyo safi kabisa. Ningependelea angenitukana.

Miaka yote niliamini kwamba sijali watu wa kwetu wanasema nini. Ni rahisi kutojali ukiwa mbali na wakiwa bado wanakusema. Wakishaacha kukusema, wakakujengea banda na kuendelea na shughuli zao, ndipo unagundua ulikuwa unaswaga wale ng'ombe wote kwa ajili ya macho ya nani. Mmasai wa Ogwedhi hakuwa anajali mimi ni mwana wa nani. Nilitaka hawa hawa ndio waone.

"Bomoeni," nikasema. "Nitajenga mwenyewe."

"Lini?" baba mdogo akauliza haraka, kama mtu aliyekuwa amekaa na hilo neno mdomoni.

Tukapanga Jumanne, wiki mbili mbele. Nilipokuwa naondoka nilimwona baba mdogo akimpa ndugu yangu mkono, na ndugu yangu anaangalia pembeni. Kama walikuwa wamenipangia, sijui. Sikuuliza. Yale mabati, naona sasa, yalikuwa yamewekwa bila kugongomelewa.

Nikarudi Migori kumwarifu mke wangu, nikijua atanicheka tena. Hakucheka.

"Miaka thelathini na tano mimi ni mgeni kwenu," akasema. "Nikienda matangani kwenu naazima jiko la mke wa ndugu yako. Hukuwahi kuniuliza."

Kweli sikuwahi. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuwa huru.

Ikabaki shoka. Mwanangu wa kwanza wa kiume anafundisha shule ya upili upande wa Kisumu, na ameokoka. Ameokoka sana. Nikampigia simu, nikamweleza siku na saa.

"Baba, hapo sitaweza," akasema. "Mambo ya majogoo na mashoka ni mila za giza. Mimi nimeshatoka huko."

Yaliyonitoka kinywani siku hiyo naona aibu kuyaandika, lakini nimesema nitaandika kila kitu. Nilimwambia anataka kunivua nguo mbele ya ukoo. Nilimuuliza watu watasemaje. Nilimuuliza anadhani alianguka kutoka mbinguni au alizaliwa kwa watu. Nilimwambia mtu hajiishii. Yaani kila neno nililowahi kuambiwa nikalikataa, nilikuwa nimelihifadhi vizuri ndani, halina hata vumbi.

Akanisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema, polepole, kama mwalimu:

"Baba, wewe jenga tu. Mimi mwanao nakuruhusu."

Nilikata simu. Mke wangu aliyekuwa anasikiliza mlangoni alikwenda jikoni, nikamsikia akigonga sufuria bila sababu.

Aliyemaliza kesi ni baba mdogo. Alimpigia kijana mwenyewe, na mazungumzo yao, kwa nilivyosimuliwa, hayakuchukua hata dakika tatu. Alimwambia: "Mjukuu wangu, shoka ni shoka. Halina dini. Njoo ukate mti mmoja, mkatie Yesu, mkatie serikali, mkatie unayemtaka. Lakini ukate." Kijana akasema ataomba kwanza. Baba mdogo akasema aombe, ila aombe haraka, kwa sababu wakwe wa ndugu yangu hawaombi, wanakuja.

Jumanne hiyo alfajiri tulitoka kwa boma la baba. Mimi mbele na jogoo, aliyekuwa ananidonoa kidole gumba kama vile na yeye ameokoka. Mke wangu nyuma na moto kwenye kigae. Mwanangu na shoka, na kando yake mchungaji wake, aliyekuja naye kutoka Kisumu kuhakikisha Shetani hapati nafasi. Mchungaji aliombea shoka. Aliombea mti. Alitaka kumwombea na jogoo, baba mdogo akamwambia, "Mtumishi, jua halingoji."

Mwanangu akakata mti kwa mapigo saba. Anakata vizuri. Sikujua.

Nyumba ikasimama saa kumi. Niliwaletea mafundi wangu kutoka Migori, mabati mapya na mlango wenye bawaba, lakini hata hivyo ilikuwa vyumba viwili vya udongo, na mvua ya siku hiyo hiyo ilipata mahali pa kuingia. Tukalala humo, mimi na mke wangu, mwanamume mwenye vyumba sita, tukisogeza kitanda kukwepa maji. Nililala vibaya. Goti liliniuma wiki nzima. Sitadanganya kwamba nilisikia mababu wakinipongeza.

Kwa hesabu ya wazee, njia ikafunguka. Siku chache baadaye ndugu yangu akatoka na jogoo wake, mkewe na kijana wake na shoka. Sikuwahi kumwona akitembea haraka namna ile. Hakunishukuru, na ningekuwa yeye nami nisingeshukuru, kwa maana mtu hashukuriwi kwa kuondoa mguu wake shingoni mwa mwenziwe. Mkewe ndiye aliyesema neno. Alikuwa anapima mahali pa lango kwa hatua, akasimama, akaniangalia.

"Shemeji, kumbe ilikuwa siku moja tu."

"Ndiyo."

"Siku moja," akarudia, na akaendelea kupima.

Wakwe wakaja baada ya mavuno kama walivyoahidi. Walikuwa wazee watano na mama wawili, wote macho tu. Walitazama lango, wakatazama nyumba, wakatazama mahali kijana alipokuwa ameshaanza kuweka nguzo za simba yake. Mkubwa wao alitikisa kichwa kwa kukubali, nikaona ndugu yangu akishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu ujana wake.

Kisha ikaja saa ya kutambulishana. Nilikuwa nimevaa koti langu la Migori na nilikuwa nimejiandaa. Nilijua ndugu yangu, kwa kuwa ni mwalimu, ataeleza vizuri: shimo la Macalder, ng'ombe wa Ogwedhi, mashine mbili, nyumba ya mawe, darasa la nne. Mkubwa wa wakwe akanielekeza kidole.

"Na yule mwenye koti ni nani?"

Ndugu yangu akageuka, akanitazama, akarekebisha miwani.

"Huyu ni mkubwa wangu," akasema. "Amejenga juzi."

Wazee wote wakasema, "Aaa," kwa kuridhika, wakanipa mkono mmoja mmoja. Nami nikasimama kuwapokea, haraka sana kwa mtu mwenye goti bovu.